Je, 7x57 inatosha kwa kulungu? Na bega langu je?

*“Mimi ni mwanamke wa miaka 42, naishi Donholm. Kaka yangu amekaa Wisconsin miaka mingi, na mwaka huu amenialika niende naye kuwinda kulungu Novemba. Mkwewe, ambaye sasa ni marehemu, alimwachia bunduki ya zamani ya Mauser, kaliba 7x57, na anasema itanifaa kwa sababu haina teke kubwa. Rafiki zake wanamcheka. Wanasema hiyo ni risasi ya wazee, na mgeni asiye na uzoefu anahitaji .300 Winchester Magnum ili mnyama aanguke palepale. Huku kwetu nako, mzee mmoja wa klabu yetu ya shabaha ananiambia 7x57 iliua tembo hapa hapa Afrika Mashariki, kwa hivyo nisihangaike. Mimi nimezoea bastola tu. Tena miaka mitatu iliyopita nilivunjika mtulinga wa kulia kwenye ajali ya bodaboda, na chuma bado kimo ndani. Nimsikilize nani?”*

Dada yangu, msikilize kaka yako. Rafiki zake wamekosea, na yule mzee wa klabu amesema kweli lakini akaitumia vibaya. Ila katika maelezo yako yote, kilichonishtua ni hicho chuma kwenye mtulinga, ulichokitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Tutakifikia. Nakuomba usiiruke sehemu hiyo.

Niseme haraka kwa ajili ya wasomaji wengine: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inauhesabu kuwa kosa la jinai. Ninayoeleza hapa ni ya Wisconsin, ambako kulungu wa mkia mweupe ni wengi na jimbo huuza leseni kila msimu. Sisi wa Nairobi bunduki tunaifyatua kwenye uwanja wa shabaha, basi.

Tuanze na tembo wa mzee wako. Ni kweli. Mskoti aliyeitwa W. D. M. Bell, maarufu kwa jina la Karamojo kutokana na eneo la Karamoja, Uganda, alikowinda, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi wao kwa risasi hii hii ya 7x57, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Jim Corbett naye alitumia .275 Rigby dhidi ya chui na simba-milia wala watu kule India, kabla ya kuhamia Nyeri, alikofariki mwaka 1955. Ndiyo maana wazee wa Kenya wanaopenda bunduki wana mapenzi ya pekee na kaliba hii. Lakini Bell hakuua tembo kwa nguvu ya risasi. Alikuwa amepasua fuvu la tembo kujua ubongo umekaa wapi hasa, na alitumia vichwa vya risasi vigumu, vilivyofunikwa chuma, visivyotanuka, ili vipenye mfupa bila kupinda njia. Akiupata ubongo, tembo anaanguka. Akiukosa kwa kiganja kimoja, anabaki na tembo mwenye hasira.

Kwa hiyo usichukue kisa cha Bell kama ushahidi kwamba 7x57 inaua chochote popote inapopiga. Na usimwige katika aina ya risasi. Kichwa kigumu kikipita kwenye kifua cha kulungu kinaweza kutoboa tundu jembamba na kutokea upande wa pili, mnyama akaenda kufia mbali usikokuona. Majimbo mengi ya Marekani yanakataza kabisa kuwinda kulungu kwa risasi zisizotanuka. Kaka yako akikwambia amepata risasi za jeshi za 7x57 kwa bei poa, mwambie azitunze kwa ukumbusho.

Sasa hao wa magnum. Wanaamini risasi kubwa humpiga mnyama chini, humwangusha kwa mgongano. Hebu tufanye hesabu. Kichwa cha risasi ya 7x57 cha gramu 9 hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 810 kwa sekunde. Kizidishe uzito huo kwa kasi hiyo, kisha ugawanye kwa kulungu wa kilo 80: msukumo wote ule ungemsogeza kwa kasi ya sentimita 9 kwa sekunde. Kwa .300 Winchester Magnum yenye kichwa cha gramu 11.7, ni kama sentimita 13. Hakuna mnyama anayeangushwa na hicho. Tena fikiria: nguvu inayosukuma risasi mbele ndiyo inayosukuma bunduki nyuma. Kama risasi ingeweza kumbwaga kulungu wa kilo 80, na wewe ungekuwa chini kabla yake.

Kinachomuua kulungu ni damu kutofika kwenye ubongo. Kichwa cha risasi kinachotanuka kinaingia kifuani, kinafunguka mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wake, kinachana mapafu na mishipa mikubwa inayotoka moyoni, na shinikizo la damu linashuka ghafla. Ubongo una hewa ya sekunde chache tu. Katika sekunde hizo anaweza kukimbia mita 50, hata 100, kisha akaanguka, na hili hutokea kwa risasi ya aina yoyote. Wale wanaoanguka palepale kwa kawaida wamepigwa uti wa mgongo au ubongo, au mshtuko umegusa mishipa ya fahamu. Nakueleza haya mapema kwa sababu Novemba utafyatua, kulungu atakimbia, na kuna mtu atakayesema, “Unaona? Ungekuwa na magnum!” Usimjibu. Subirini kiasi, kisha mfuate damu.

Ukilinganisha vichwa vyenyewe, cha 7x57 kina upana wa milimita 7.2 na cha .300 kina 7.8. Tofauti haifiki hata milimita moja. Magnum inachoongeza ni kasi, na faida ya kasi huonekana mbali, mita 350 na kuendelea, pale risasi ndogo zinapoanza kushuka sana na kuishiwa kasi ya kutanuka. Katika misitu ya Wisconsin kulungu wengi hupigwa ndani ya mita 100. Kwa umbali huo 7x57 ina ziada. Hata kwenye mita 270 kichwa kile cha gramu 9 bado kinakwenda kasi ya karibu mita 630 kwa sekunde, na vingi vya aina ya kutanuka vinahitaji kasi ya mita 550 hadi 600 kwa sekunde ili vifunguke vizuri. Mita 270 nimezitaja kwa hesabu tu. Wewe, msimu wako wa kwanza, sitaki upite 100.

Kwa nini basi kaliba iliyobuniwa na Paul Mauser mwaka 1892, ikachukuliwa na jeshi la Uhispania mwaka uliofuata, na baadaye ikawatesa Waingereza mikononi mwa Makaburu katika vita vya 1899 hadi 1902, bado ina wapenzi? Jibu limo kwenye bega.

Chukua bunduki ya kilo 3.6 pamoja na darubini yake. Ukifyatua 7x57 yenye kichwa cha gramu 9, inarudi nyuma kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, na nishati ya teke lake ni joule 16 hivi. Kaliba ya .30-06, inayotumiwa sana Marekani, yenye kichwa cha gramu 11.7, katika bunduki ya uzito ule ule, inafika kama joule 27. .300 Winchester Magnum inakaribia 38. Yaani hao marafiki wanakushauri upokee teke zaidi ya maradufu ili umpige mnyama yule yule, umbali ule ule, mahali pale pale.

Ubaya wa teke ni tofauti na wanavyoufikiria wengi. Teke lenyewe haliharibu shabaha ya risasi iliyofyatuliwa. Kichwa kinatoka mtutuni ndani ya milisekunde mbili hivi tangu baruti iwake, ilhali mwili wako unahitaji milisekunde 150 au zaidi kuitikia kitu chochote. Unapohisi bega limesukumwa, risasi imeshafika kwenye shabaha. Kinachoharibu ni kungoja teke. Ukishaumizwa mara kadhaa, mwili unajifunza kujilinda mapema, kama mtu anayefumba macho kabla sindano ya daktari haijamgusa. Jicho linafumba, bega linajikaza mbele, kidole kinavuta kwa nguvu badala ya kubana polepole, na yote hayo yanatokea *kabla* ya mlio. Mtutu unashuka kidogo tu. Kwa umbali wa mita 100, kidogo hicho kinatosha kuipeleka risasi kutoka mapafuni hadi tumboni au mguuni. Eneo la moyo na mapafu la kulungu lina upana wa sentimita 20 hivi, na kulungu aliyepigwa tumbo kwa magnum anateseka sawasawa na aliyepigwa tumbo kwa kitu kingine. Hakuna kaliba inayofuta kosa la mahali. Anayemwambia mgeni achukue bunduki kubwa “kwa usalama” anamwongezea uwezekano wa kosa hilo hilo analotaka kumkinga nalo. Nimewaona wanaume wenye miraba minne wakiwa na kushtuka huku na hawakubali kuambiwa, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Usidhani bastola imekuzoesha. Mikono miwili inayopokea teke la 9mm haikufundishi lolote kuhusu kitako kinachokaa begani. Hapa Nairobi, mwombe mwalimu wa klabu yako akuanzishe na bunduki ya .22, ambayo teke lake halihisiki. Jifunze kukaa, kupumua na kubana kifyatulio bila haraka. Kisha, ukifika kwa kaka yako, fanyeni zoezi moja ambalo halina mbadala: yeye aijaze bunduki bila wewe kuona, mara atie risasi halisi, mara risasi bandia ya mazoezi. Ukibana kifyatulio kwenye ile bandia na mtutu ukaruka au ukazama, umejigundua. Endeleeni mpaka utulie. Vaa vikinga masikio kila mara, kwa sababu nusu ya woga wa teke ni woga wa mlio, na mlio wa bunduki ya namna hiyo unafika desibeli 160 hivi, wakati sikio huanza kudhurika kwa mlio wa ghafla unaopita 140. Wapo watakaokushauri ufunge kile kifaa cha kupunguza teke mdomoni mwa mtutu. Kinapunguza kweli, lakini kinarudisha kelele kwako na kwa aliye pembeni yako. Mimi sikipendi hata kidogo.

Risasi 10 au 15 za 7x57 kwa kikao zinatosha. Ukiwa umeketi kwenye meza ya shabaha, mwili hauna nafasi ya kuyumba nyuma, kwa hiyo teke huuma kuliko ukiwa umesimama. Weka mfuko laini wa mchanga kati ya kitako na bega, au mwachie kaka yako kazi ya kurekebisha darubini. Pima pia urefu wa kitako. Bunduki za zamani nyingi zilitengenezewa wanaume warefu, na Novemba ya Wisconsin utavaa koti zito linaloongeza urefu zaidi. Kitako kikiwa kirefu mno hutaweza kukikaza vizuri, na ukisogeza uso mbele kutafuta picha, darubini itakuchana nyusi. Fanya mazoezi ukiwa umevaa koti hilo hilo.

Sasa mtulinga. Kitako cha bunduki hukaa kwenye kibonde kilichoko kati ya mtulinga na kiungo cha bega. Chuma na skrubu zake kwa kawaida hukaa juu au mbele ya mfupa, chini ya ngozi nyembamba sana. Hata joule 16 zikigonga ukingo wa chuma zinaweza kukupa maumivu makali, na kama mfupa haukuunga sawasawa, maumivu ndiyo yatakuwa shida ndogo kuliko zote. Mimi ni mwalimu wa shabaha, si daktari wa mifupa. Siwezi kukuambia kutoka hapa nilipo kama bega hilo litastahimili. Rudi kwa daktari aliyekupasua au mwingine wa mifupa, upigwe eksirei mpya, na umwambie wazi: nitaweka kitako cha bunduki hapa, kitanisukuma mara kadhaa kwa siku. Nenda sasa, usisubiri Oktoba. Akikataa, amekataa. Na ukipata ganzi mkononi, au maumivu yakaendelea hadi kesho yake baada ya mazoezi, acha kufyatua na urudi kwake.

Kuna njia ya kando: bega la kushoto. Nyoosha mikono, fanya tundu dogo kwa viganja viwili, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo linalotawala. Likiwa la kushoto, kufyatulia upande huo kutakujia kirahisi, pengine kuliko kulia. Likiwa la kulia, bado inawezekana, ila utahitaji kuziba jicho hilo na mazoezi zaidi. Bolti ya Mauser, ule mkono wa chuma wa kuifungua na kuifunga bunduki, iko kulia, kwa hiyo risasi ya pili itachelewa. Kwa mgeni sioni kasoro hapo. Ninapenda wanafunzi wanaojua wana risasi moja.

Bunduki yenyewe isifyatuliwe kabla fundi wa bunduki hajaikagua. Muulize kaka yako imechongwa namba gani ya modeli. Mauser za mwaka 1893 na 1895 zina mwili dhaifu kuliko ule wa 1898, na ndiyo sababu viwanda vya Marekani huzijaza risasi za 7x57 kwa kiasi. Za Ulaya huwa na shinikizo kubwa zaidi na hazifai kwa hizo za zamani sana. Fundi apime kama bolti bado inafunga sawasawa nyuma ya ganda na kama mtutu una kutu ndani. Jambo jingine: mitutu mingi ya kale ilichongwa kwa ajili ya vichwa virefu vya gramu 11. Ya gramu 9 inaweza isikusanyike vizuri kwenye shabaha. Anunue aina mbili, azijaribu, achague inayopiga karibu karibu. Ya gramu 11 hutoka kwa kasi ya mita 730 hivi na kwa msitu ni nzuri sana, ingawa teke lake limezidi kidogo.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa kweli wa 7x57, ambao rafiki za kaka yako wangeutaja ningewapa heshima: upatikanaji. Duka dogo la mji wa kijijini Wisconsin litakuwa na .30-06, .308 na .243 rafu nzima, na huenda lisiwe na hata boksi moja la 7x57. Aziagize miezi kabla. Kama fundi ataikataa bunduki, au kaka yako akitaka kukununulia nyingine, nisingemtuma atafute 7x57 mpya. Ningemwambia anunue 7mm-08 Remington, iliyotoka mwaka 1980: kichwa kile kile, kasi karibu ile ile, teke lile lile, na risasi zake hazisumbui kupata. .243 Winchester ya mwaka 1955 ina teke dogo zaidi, joule 12 hivi, na kama daktari ataruhusu kwa shingo upande ningeifikiria hiyo. Ila kichwa chake cha gramu 6 na nusu kinakudai uchague pembe kwa makini, mnyama akiwa amekupa ubavu, si ameelekea kwako au ameinama kimshazari. 6.5 Creedmoor nayo ni nzuri. Wanaobishana kuhusu ipi bora kati ya hizi wanabishana kuhusu ladha.

Mwisho ni makaratasi, na hapa Wakenya wengi hujikwaa. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni mwenye viza ya muda kushika bunduki au risasi, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha michache, na leseni halali ya kuwinda ni mmoja wapo. Kwa hiyo pata leseni *kwanza*, kabla ya hata kwenda uwanja wa mazoezi na kaka yako. Wisconsin inataka kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1973 awe amepita mafunzo ya usalama wa uwindaji ndipo auziwe leseni ya kawaida, na kwa umri wako unahusika. Kaka yako awapigie idara ya maliasili ya jimbo aulize mgeni wa kutoka nje anaanzia wapi, na kama unaweza kuwinda kwa mara ya kwanza chini ya uangalizi wake. Utatakiwa pia kuvaa rangi ya machungwa au waridi inayong’aa.

Usibebe bunduki kutoka Nairobi. Vibali vyake havifai usumbufu ilhali ipo moja inakungoja. Nyama iliwe huko huko, na kwa kuwa ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu uligunduliwa Wisconsin tangu 2002, mpeleke mnyama wako apimwe kabla hamjawasha jiko. Na siku ya kurudi kagua mifuko yote ya lile koti. Risasi moja iliyosahaulika, au hata ganda tupu uliloliweka kama kumbukumbu, ni kitu ambacho hutaki kukieleza kwa askari wa zamu pale JKIA saa tisa usiku.